Kaka analipia vipimo vya mchochota, mama haambiwi majibu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa shule ya sekondari mjini Morogoro. Ninaishi na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, ambaye ana kisukari aina ya pili kwa mwaka wa 14 sasa. Anatumia metfomini na glibenklamaidi. Kliniki anahudhuria, ingawa si kila tarehe anayopangiwa, kwa sababu foleni humchosha na magoti humsumbua. Magoti hayo huyatuliza kwa vidonge vya diklofenaki anavyonunua duka la dawa la jirani. Nyayo zake zina ganzi, na yeye husema ni uzee.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Muscat. Tangu baba alipofariki, yeye ndiye anayebeba gharama kubwa za nyumba yetu, na simsemi kwa ubaya hata kidogo. Mwaka jana baba yetu mdogo alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na tangu siku hiyo kaka hana amani. Alisoma kwamba madhara ya kisukari, iwe ya figo, ya macho au ya moyo, yanachochewa na mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili kama ule unaoleta uvimbe na joto penye jeraha, unaoendelea kimyakimya mwilini, na kwamba mchochota huo huonekana kwenye damu kabla madhara yenyewe hayajajitokeza. Akaipata maabara binafsi inayouza kifurushi cha vipimo hivyo: CRP, ESR, feritini na intalukini-6, vyote vikiwa vitu vinavyopanda kwenye damu mchochota ukiwepo. Kila baada ya miezi mitatu hutuma pesa, mimi humpeleka mama kutolewa damu, na majibu hutumwa moja kwa moja kwenye simu ya kaka.

CRP ya kwanza ilikuwa 6.8. Kaka alishtuka, akamnunulia mama unga wa mitishamba kwa mtu anayeuza kwa WhatsApp, ambaye alimhakikishia kwamba unaondoa mchochota wote. Mama akaanza kuuchanganya kwenye uji. Kipimo cha pili kilishuka hadi 4.1, na kaka akaamini kwamba unga umefanya kazi. Mwezi uliopita kimepanda hadi 14. Wiki ile mama alikuwa na mafua na homa kidogo, na kidole gumba cha mguu kilikuwa na kijidonda cha kusuguliwa na kandambili, ambacho bado hakijafunga vizuri ila hakimuumi. Kaka anasema 14 ni ushahidi kwamba madhara yameshaanza. Anataka mama anywe unga maradufu, apunguze metfomini ili figo zake zipumzike na kemikali, na kifurushi kifanyike kila mwezi. Amenikataza kabisa nisimweleze mama majibu, asije akapandwa na presha.

Juzi mama aliniambia: “Mnanitoa damu kila mara na majibu yangu siyaoni. Kama kuna jambo, niambieni nijue.” Sikumjibu. Kwa upande wangu, naona pesa hizo zingefaa kumpima macho, ambayo hayajawahi kuangaliwa na mtaalamu, na kumnunulia viatu vizuri. Lakini kaka ndiye mtoaji, nami ni mdogo wake. Nikimpinga, halafu mama akapatwa na jambo, je, lawama haitanirudia mimi? Nikitii, je, simfichi mama habari za mwili wake mwenyewe?

Binti aliye njia panda, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa habari ya kaka yako, niruhusu nianze na kile ulichokitaja kwa nusu sentensi, yaani kijidonda cha kidole gumba. Unasema hakimuumi, nawe umelipokea hilo kama habari njema. Kwa mtu mwenye ganzi ya nyayo, kutouma si habari njema, kwa maana mishipa ya fahamu iliyopaswa kumlalamikia imekwisha kudhoofika, na kidonda kinaweza kwenda chini hadi kwenye mfupa huku mwenyewe akiendelea kutembea. Mambo mengine yote ya barua yako yanaweza kusubiri mazungumzo ya familia, lakini mguu huo unahitaji kuonwa na watu wa kliniki ya kisukari wiki hii, bila kungoja tarehe ya kawaida. Na kama utaona wekundu unatanda, mguu umevimba au una joto kuliko mwenzake, usaha, harufu, ngozi kugeuka nyeusi, homa, au sukari kupanda ghafla bila sababu, nendeni siku hiyohiyo.

Mkifika, mtaona kwamba uchunguzi wenyewe si wa ajabu. Watakishika kidonda kwa chombo chembamba kisicho na makali kuona kama kinagusa mfupa, watatafuta mapigo ya damu mguuni, watajaribu hisia za nyayo kwa uzi wa plastiki unaokandamiza kwa uzito wa gramu 10, na pengine wataagiza picha ya eksirei. Hapo ndipo sehemu ya kifurushi cha kaka itakapopata kazi halali, kwa sababu mtu mwenye kidonda cha mguu akikutwa na ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama kwenye bomba, inayozidi milimita 70 kwa saa, waganga huanza kushuku kwa nguvu kwamba mfupa umeambukizwa. Kwa hiyo mwombe kaka akutumie karatasi zote za majibu, uzichapishe uende nazo. Na majibu yakiwa ya chini, yasiwafanye mkakipuuza kidonda, kwa kuwa maambukizi ya mguu yanaweza kuwepo hata vipimo vya damu vikiwa karibu na kawaida.

Sasa nirudi kwenye lile ulilouliza. Kama nimekuelewa vizuri, umebanwa kati ya wapendwa wawili: kaka mwenye hofu ya haki, anayetoa jasho lake ugenini ili yaliyompata baba mdogo yasimpate mama, na mama anayehisi kwamba anazungumziwa pembeni kana kwamba hayupo. Katikati yao kuna namba ambayo mmeikabidhi uzito mkubwa. Ningependa tuitazame namba hiyo kwanza, kwa sababu naona nusu ya ugomvi huu imejengwa juu yake.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale linapopata ishara, hasa ile ya intalukini-6, kemikali ya kinga ya mwili, kwamba mahali fulani mwilini kuna vita. Iligunduliwa mwaka 1930 jijini New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na hadi leo kazi inayoifanya kwa ufasaha zaidi ni kuonyesha maambukizi. Hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu kila baada ya takribani saa 19. Ni kama moshi unaouona juu ya mapaa ya mtaa: unajua kuna moto, lakini hujui ni nyumba gani, wala hujui kama ni mtu anapika au ni paa linaungua. Mafua huipandisha. Malaria huipandisha sana. Vivyo hivyo maambukizi ya njia ya mkojo, ufizi wenye ugonjwa, maumivu ya viungo, sigara na mafuta ya tumboni.

Wataalamu wa moyo wa Marekani walipoweka viwango vyake mwaka 2003 kwa ajili ya kukadiria hatari ya moyo, walisema chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, na zaidi ya 3 ni kubwa. Waliongeza jambo ambalo kaka huenda hakulikuta, kwamba jibu linalozidi 10 lisisomwe kama habari ya moyo hata kidogo. Atafutwe chanzo cha karibu, kama maambukizi au jeraha, kisha kipimo kirudiwe mtu akiwa amepona. Mama alipimwa akiwa na mafua, homa na kidonda. Hiyo 14 inaweza kuwa inasema jambo la wiki ile tu. Huenda mafua peke yake yanatosha kuieleza, huenda kidonda ndicho kinachosema, na hilo la pili ndilo lililonifanya niandike aya za mwanzo kwa haraka.

Na ile 6.8 iliyoshuka hadi 4.1? Nakuomba uifikirie taratibu. CRP ya mtu yuleyule hupanda na kushuka yenyewe kati ya mwezi mmoja na mwingine, kwa kiasi ambacho mshuko huo ungeweza kutokea mama akinywa uji mtupu. Sisemi kwamba unga haukufanya lolote. Nasema kwamba vipimo viwili haviwezi kuthibitisha, na cha tatu kimepanda unga ukiwa bado unanywewa.

Hata hivyo, tusimdharau kaka. Alichokisoma kina msingi, na ukimwambia kwamba amedanganywa utamkosea. Ni kweli kwamba mafuta ya mwili hayakai bure. Tangu mwaka 1993, utafiti wa panya wanene ulionyesha kwamba tishu ya mafuta hutoa kemikali za mchochota zinazozuia insulini kufanya kazi, na baadaye yakaonekana mengine ya namna hiyo kwa binadamu. Ni kweli pia kwamba kuna viashiria vya damu vinavyotabiri madhara. Mwaka 2012 watafiti wa kituo cha kisukari cha Joslin, Boston, walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye kiwango kikubwa cha vipokezi vya TNF, mojawapo ya kemikali hizo za mchochota, katika damu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa figo zao kufeli miaka ya mbele. Jambo hili linanipa matumaini makubwa, maana nimewauguza watu walioletwa kusafishwa damu wakiwa hawajawahi kuambiwa kwamba figo zao ziko hatarini. Lakini vipokezi hivyo havimo katika kifurushi mnachokilipia, na hata vingekuwemo, ushauri ambao daktari angempa mama kesho yake ungekuwa uleule: sukari, presha, dawa za kulinda figo.

Kuna tofauti kati ya kinachoashiria hatari na kinachoileta. Mwaka 2011, uchambuzi mkubwa wa vinasaba ulionyesha kwamba watu waliozaliwa na mwelekeo wa kuwa na CRP ya juu hawakuwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya wengine. Kwa maneno mengine, kuishusha CRP yenyewe kama shabaha hakuna maana. Kushusha mchochota wenyewe ni jambo jingine, na limejaribiwa. Katika utafiti wa CANTOS, uliotangazwa mwaka 2017, zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya 2 au zaidi walishiriki, na waliopewa dawa ya kanakinumabu kwa dozi ya miligramu 150 walipungukiwa matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 15. Mchochota, basi, una mkono wake katika maradhi ya moyo. Lakini dawa hiyo haikuzuia watu kupata kisukari, na vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo miongoni mwa walioitumia. Kama dawa iliyopimwa kwa uangalifu namna hiyo ina gharama zake mwilini, naona tuna haki ya kumuuliza muuza unga wa WhatsApp maswali mazito zaidi ya yale aliyoulizwa.

Kuna jambo jingine nililoliona katika barua yako. Umeniandikia CRP tatu, moja baada ya nyingine, lakini hakuna mahali uliponiandikia sukari ya miezi mitatu ya mama, ile HbA1c. Hakuna presha yake. Hakuna kipimo cha albumini kwenye mkojo, protini ambayo figo nzima haiiachi ipite kwa wingi, wala kriatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja. Macho umesema mwenyewe hayajawahi kuangaliwa, kwa miaka 14. Sikulaumu, kwa kuwa pesa ilikuja na maelekezo yake. Ila nashangaa kidogo kwamba mnautafuta ugonjwa wa figo kwa kuzunguka kupitia ini, wakati mkojo wa asubuhi ungewaambia moja kwa moja: uwiano wa albumini na kriatinini ukiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu, figo haijaanza kuvujisha; ukiwa juu ya hapo na ukarudiwa ukathibitika, kuna dawa za kuichelewesha hali hiyo. Katika utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa wa kisukari aina ya pili kwa miaka mingi, kila asilimia moja ya HbA1c iliyopungua iliambatana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo. Sijakutana na kiashiria chochote cha mchochota chenye ahadi ya kiasi hicho kwa mtu kama mama yako.

Na diklofenaki? Kaka anaogopa kemikali zitachosha figo, na hofu yake ameielekeza kwenye metfomini, ambayo kwa kawaida haiharibu figo, bali hupunguzwa dozi au kusimamishwa pale figo zinapokuwa zimeshadhoofika kwa sababu nyingine. Vidonge vya magoti vinavyonunuliwa bila cheti ndivyo vinavyojulikana kuziumiza figo za mwenye kisukari, hasa vikitumiwa kila siku. Nadhani mazungumzo ya dawa ya maumivu iliyo salama zaidi yana nafasi ya mbele kabisa kliniki.

Turudi kwenye njia zilizo mbele yako, maana ziko zaidi ya mbili ulizoziona.

Unaweza kuendelea kama kaka anavyotaka. Faida yake ni amani kati yenu na pesa kuendelea kuja. Hatari yake ni kwamba mama atatolewa damu kila mwezi kwa namba itakayopanda na kushuka, kila kupanda kukizaa hofu mpya na dozi mpya ya unga, huku metfomini ikipungua na sukari ikipanda bila mtu kuipima. Hapa naomba uwe macho: baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni, yaani steroidi zinazotuliza mchochota. Dawa hizo huishusha CRP haraka, huleta nafuu ya magoti, na hupandisha sukari vibaya sana. Mama akiwa ameutumia kwa muda, ni vema kliniki wajue kabla hajauacha, kwa sababu kama umechanganywa hivyo, kuacha ghafla nako kuna hatari.

Unaweza pia kumkatalia kaka waziwazi. Utakuwa umesimama upande wa tiba, lakini usisahau aliyoyaona kwa baba mdogo. Mtu aliye mbali, asiyeweza kumshika mama mkono wala kumwona akila, hushika kile anachoweza kukishika, na kwake hicho ni karatasi ya majibu. Ukimnyang'anya bila kumpa kingine, huenda akasikia kwamba hatakiwi kujali.

Njia ya tatu ni kumbadilishia alichoshika. Pesa ileile, mama yuleyule, hata ratiba ileile ya miezi mitatu ikipenda kubaki: HbA1c kila awamu, presha na uzito, mguu kukaguliwa, na mara moja kwa mwaka macho, albumini ya mkojo na kriatinini. Majibu yote aletewe kaka. Kama bado moyo wake unaitaka CRP, sioni ubaya ikipimwa mara moja mama akiwa mzima, kidonda kimefunga na mafua yamekwisha, ili ile 14 isiendelee kumkosesha usingizi. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kuona umeyabuni wewe, mdogo wake. Ndiyo maana ningewaza kumhusisha mtoa huduma wa kliniki: siku mtakayokwenda na mguu, muombe ruhusa kaka apigiwe simu mkiwa mbele ya daktari, aulize maswali yake yote mwenyewe. Mara nyingi nimeona neno linalogombanisha ndugu nyumbani likipokewa kwa utulivu linapotoka kwa mganga.

Kuhusu mama, nakuuliza swali moja ulitafakari. Ni nini hasa mnachomficha? Kwa tuliyoyaona, mnachokificha si habari ya madhara kuanza, ni namba ambayo ninyi wenyewe hamjaijua maana yake. Mnaogopa presha yake itapanda akiambiwa. Je, mmewahi kuipima sasa, akiwa haambiwi na amekwisha kuanza kuwaza kwamba labda anakufa? Mzee wetu akinyimwa habari, huijaza nafasi hiyo kwa mabaya kuliko yaliyopo. Na kuna jambo la vitendo: mwenye mguu ni yeye. Ndiye atakayekagua nyayo kila jioni au akuite uzikague, ndiye atakayeamua kuacha kandambili na kumeza dawa kwa saa zake. Hawezi kuyafanya hayo kwa moyo ikiwa kwake ugonjwa ni siri ya watoto.

Hata hivyo sikuambii ukavunje neno la kaka yako leo usiku. Unaweza kumpigia kwanza na kumweleza alichokisema mama, kwa maneno yaleyale ya mama, halafu umuulize kama yeye, angekuwa mahali pake, angetaka kufichwa. Mpe siku chache. Akikataa kabisa, uamuzi utabaki kwako, na unalijua vema kuliko mimi lile ambalo familia yenu inaweza kulibeba. Kwa habari ya mguu tu, usingoje ruhusa ya mtu: mama anaweza kuambiwa leo kwamba kidonda hakijafunga na kwamba unataka kionwe.

Umeuliza kuhusu lawama. Mwanangu, madhara ya kisukari baada ya miaka 14 yana sababu nyingi, nyingine za mwilini ambazo hakuna binti wala kaka angeweza kuziondoa. Mama akipatwa na jambo, halitakuwa limetokana na simu moja uliyopiga au uliyoacha kupiga.

Mtakapokwenda kliniki, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja: metfomini, glibenklamaidi, zile diklofenaki, na unga wenyewe katika pakiti yake ya asili. Ongeza karatasi za maabara na kandambili zilizomsugua, daktari azione. Kisha niandikie HbA1c imesemaje, tuendelee kutoka hapo.

Shangazi yako